Shajara ya mradi: miezi minane na kikundi cha wazazi wa watoto wenye selimundu, Mwanza

Jumamosi, 8 Februari 2025

Kikao cha kwanza cha mwaka kimefanyika leo saa nane mchana katika ukumbi mdogo wa ofisi ya serikali ya mtaa, na waliofika ni wazazi 22 kati ya 34 walioandikwa kwenye daftari. Nimekabidhiwa ukatibu baada ya aliyekuwa akiushika kuhamia Geita. Nimeona ni vyema kuandika shajara hii baada ya kila kikao, kwa sababu daftari nililopokea lina mahudhurio na michango tu; halielezi ni kwa nini kikundi kilikaribia kufa kati ya Agosti na Novemba mwaka jana, wala ni nani aliyekifufua. Hayo nimeyapata kwa kuuliza. Kilikaribia kufa kwa sababu mwenyekiti aliugua na ufunguo wa ukumbi ukabaki kwake, na aliyekifufua ni mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ambaye alipita nyumba kwa nyumba akiwa na ndoo kichwani, akiuza na kuwaita watu kikaoni kwa wakati mmoja.

Kwa asiyetujua, sisi ni wazazi na walezi wa watoto wanaoishi na selimundu, ugonjwa ambao wengi bado wanauita siko seli. Tanzania ni miongoni mwa nchi tano duniani zinazozaliwa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu, wakikadiriwa kuwa takribani 11,000 kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ina mzigo mkubwa kuliko maeneo mengi ya nchi. Seli nyekundu ya damu ya kawaida huishi kwa takribani siku 120, lakini ya mtoto wetu hujikunja mfano wa mundu na kuvunjika ndani ya siku 10 hadi 20, na ikijikunja huziba vishipa vidogo, ndipo maumivu yanapoanza. Kliniki hutupatia dawa na vipimo. Kinachokosekana katika dakika kumi za kuonana na daktari ni jibu la mambo mengine: umwambie nini mama mkwe anayesema umeleta balaa kwenye ukoo, na nani atabaki na watoto wengine ukilazwa wodini na mmoja kwa siku sita.

Mradi wenyewe ni mdogo. Hadi Septemba tunataka kikundi kiwe kinajiendesha bila kumtegemea mtu mmoja, yaani akiugua mwenyekiti, au nikihama mimi, kikao kifanyike kama kawaida. Tumeanza na jambo dogo kuliko yote: ufunguo umechongwa nakala mbili kwa shilingi 6,000, na kuanzia leo unakaa kwa watu watatu wanaoishi mitaa tofauti.

Jumamosi, 8 Machi 2025

Wamefika 11. Tulisahau kwamba leo ni Siku ya Wanawake, na wanachama kadhaa walikuwa kwenye maandamano na vitenge vyao vya sare. Wengine wamefunga, kwa kuwa Ramadhani imeanza wiki iliyopita, na saa nane mchana kwa jua la mwezi huu si saa ya kumwomba mtu aliyefunga apande daladala mbili. Kosa ni letu. Kalenda ya vikao inapaswa kupangwa kwa kutazama sikukuu, kliniki na misimu ya kilimo, wala si kwa kuhesabu Jumamosi za pili tu.

Hata hivyo, uchache huo umetufundisha jambo. Kwa mara ya kwanza tulikaa duara moja badala ya safu za viti kama darasani, na watu ambao sikuwahi kuwasikia tangu nijiunge walizungumza. Mama mmoja alieleza kwamba mwanawe wa miaka kumi na mmoja amesisitiza kufunga kama wenzake wa madrasa, na yeye hajui amkataze vipi bila kumfanya ajione mgonjwa mbele ya rafiki zake. Mtoto ambaye hajabaleghe halazimiki kufunga, na kwa watoto wetu upungufu wa maji mwilini ni mwaliko wa maumivu. Hilo kila mmoja alilijua. Ugumu ulikuwa namna ya kulisema. Mzee mmoja, babu anayelea mjukuu, alimwambia: "Mwanangu, mpe kazi ya kuandaa futari na kuwagawia wenzake maji. Atakuwa ndani ya funga bila kufunga." Nimeliandika neno hilo kama lilivyotamkwa.

Duara hilo hilo ndilo lililoibua hofu ya haidroksiyurea, dawa ya selimundu ambayo watoto wetu hupewa kliniki. Mama mgeni aliambiwa na jirani kwamba ni dawa ya saratani, akaacha kumpa bintiye kwa mwezi mzima. Ni kweli hutumika pia katika baadhi ya saratani. Nilimweleza kuhusu utafiti uliohusisha watoto 606 katika vituo vinne vya Afrika, vikiwamo Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda, ambao matokeo yake yalionesha kwamba dawa hiyo ilipunguza maumivu, malaria na haja ya kuongezewa damu. Alinisikiliza kwa adabu. Kilichombadilisha, naamini, si utafiti bali ni mwenzake aliyefungua mkoba akatoa ripoti mbili za shule za mwanawe, ya kabla ya dawa na ya baada yake, akamwonesha kwa kidole mstari wa siku za utoro. Tulichomhimiza wote kwa pamoja ni kurudi kliniki kabla ya kuanza tena, kwa sababu dozi hupangwa kwa uzito na damu hupimwa mara kwa mara.

Azimio: kuanzia sasa, wakizidi kumi na wawili tunagawanyika katika duara mbili.

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Wamefika 26, duara mbili, ukumbi ukawa na kelele kiasi kwamba duara moja lilihamia chini ya mwembe. Leo muuguzi wa kliniki, aliyejitolea mapumziko yake, ametufundisha kupapasa bandama. Watoto wadogo wenye selimundu wanaweza kupatwa na hali ambayo damu hukusanyika ghafla ndani ya bandama, tumbo likavimba upande wa kushoto, mtoto akapauka na kulegea, na baada ya saa chache maisha yake yakawa hatarini. Kule Jamaica, daktari Graham Serjeant na wenzake waliwafundisha wazazi kulipapasa bandama nyumbani, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 1985 yalionesha kwamba vifo vya hali hiyo vilipungua kwa kiasi kikubwa, bila mashine yoyote zaidi ya mkono wa mzazi.

Muuguzi alimlaza mtoto mmoja kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, akatutaka tuanzie chini kabisa karibu na nyonga na kupanda polepole kuelekea mbavu za kushoto, kwa ubapa wa vidole na si kwa ncha. Wanaoanzia juu, alisema, hulipita bandama lililovimba wakadhani ni tumbo gumu la kawaida. Kila mzazi alifanya kwa zamu, na mtoto yule alicheka kwa kutekenywa hadi ikabidi tumbadilishe. Tumekubaliana kwamba kila mwenye mtoto chini ya miaka mitano apapase kila siku wakati wa kumwogesha, na apime kwa upana wa vidole ili ajue kilichobadilika.

Jumatatu, 28 Aprili 2025

Ninaandika nje ya ratiba. Usiku wa kuamkia jana, saa saba na nusu, nilipigiwa simu na mama wa Igoma ambaye alihudhuria kikao chake cha kwanza siku ile ya muuguzi. Mtoto wake ana miaka miwili. Alisema, "Baba, jana vilikuwa vidole viwili, sasa hivi ni vitano, na midomo imekuwa myeupe." Hakuniuliza afanye nini, kwa maana alikwishafunga safari, alichotaka ni mtu wa kumtafutia bodaboda anayeaminika saa hiyo na wa kwenda kulala na watoto wawili aliowaacha. Tulipata vyote kwa simu tatu. Mtoto ameongezewa damu na leo amekunywa uji.

Nililogundua katika usiku ule ni kwamba orodha ya simu tuliyo nayo haifai kwa dharura. Imepangwa kwa alfabeti. Inatakiwa kupangwa kwa mitaa, ili mtu wa Igoma amwone kwanza wa Igoma, na ibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa, kwa sababu wengi wetu tunatumia simu za kitochi na usiku hakuna anayetafuta daftari.

Jumamosi, 10 Mei 2025

Wamefika 24, na kati yao wanaume wanne. Ninawahesabu wanaume kwa makusudi, nami sina cha kujivunia, kwani kikao changu cha kwanza miaka miwili iliyopita nilikuja tu kwa sababu mke wangu alikuwa na homa.

Tulifanya zoezi la vikombe, la kuonesha jinsi mtoto anavyorithi selimundu kwa wazazi wawili ambao wote ni wabebaji. Vikombe viwili vya bati, kimoja cha baba na kimoja cha mama, kila kimoja kina punje moja ya maharage mekundu na moja ya maharage meupe. Nyekundu ndiyo inayobeba selimundu. Mtu anafumba macho, anachomoa punje moja kutoka kila kikombe, anaonesha, anarudisha. Nyeupe mbili ni mtoto asiye na kitu. Nyekundu na nyeupe ni mbebaji asiyeugua. Nyekundu mbili ni mtoto wetu. Tulichomoa mara 40, nikawa nachora vistari ubaoni: nyekundu mbili zikatoka mara 11, mchanganyiko mara 19, nyeupe mara 10. Hesabu ya vitabu ni robo, nusu na robo, kwa hiyo maharage hayakutuangusha.

Ndipo mama mmoja akasimama, akasema kwa sauti ya hasira kidogo, "Kama ni robo, mbona mimi wote watatu?" Ukumbi ulinyamaza. Niliomba mtu ajibu, akajibu yule mama wa dagaa: "Kwa sababu punje hurudishwa, dada. Kikombe hakikumbuki ulichokwisha kutoa." Sijawahi kusikia mwalimu akieleza uwezekano wa kila mimba kwa maneno machache kiasi hicho.

Mmoja wa wale wanaume wanne alibaki nyuma baada ya kikao, akaomba kuviangalia vikombe. Alichomoa punje kwenye kikombe cha baba, akairudisha, akachomoa tena. Familia yake imekuwa ikimwambia kwa miaka minne aoe mwanamke mwingine kwa kuwa huyu ana "damu mbaya". Aliniuliza kama anaweza kuazima vikombe vile hadi Jumatatu. Nimempa, pamoja na maharage.

Jumamosi, 24 Mei 2025

Kikao kifupi cha viongozi. Bwana mmoja amekuwa akisubiri wanachama nje ya ukumbi na kuwauzia chupa za dawa ya "kusafisha damu" kwa shilingi 35,000, na wawili wamenunua, mmoja wao kwa fedha ya nauli ya kliniki. Tumekubaliana kwamba hakuna anayeuza chochote kikaoni wala mlangoni, ziwe dawa, ziwe vyombo au bima. Tumekubaliana vilevile, na hili lilitugharimu mjadala mrefu zaidi, kwamba walionunua wasisemwe hadharani. Mtu akifedheheshwa mara moja harudi, na asiyerudi hatutamsaidia hata siku dawa hiyo itakaposhindwa.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Siku ya Selimundu Duniani ni tarehe 19, iliyowekwa kwa azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la mwaka 2008, na kama kila mwaka, Juni ndio mwezi ambao watu hutukumbuka. Taasisi moja imetuletea barua ya kutaka kutusaidia. Walipendekeza fulana 40 zenye ujumbe, bango, na ukumbi wa hoteli kwa siku moja. Tuliwashukuru, tukawaandikia kwamba mahitaji yetu ni nauli ya watu wawili wanaoendesha duara kila mwezi, vocha za simu za kuwatafuta wasiofika, na mkufunzi wa kuwafundisha waendeshaji namna ya kusikiliza. Jumla yake kwa mwaka haifiki gharama ya ile hoteli. Jibu lilikuja kwa upole: kifungu cha bajeti kinaruhusu fulana. Fulana zimefika, ni nzito na nzuri, na watoto wanalalia kwa sababu upepo wa ziwa alfajiri za mwezi huu unauma na baridi huwaanzishia maumivu. Kwa hiyo sitazisema vibaya.

Mkufunzi tumempata kwa njia nyingine. Afisa ustawi wa jamii amekubali kutupa Jumamosi mbili bila malipo, chai tukiandaa sisi, na kati ya yote tuliyopokea mwaka huu nauona huu ndio msaada wa maana kuliko mingine. Alituketisha wawili wawili, mmoja aeleze jambo zito kwa dakika tano, mwingine asiseme neno. Karibu wote tulishindwa kabla ya dakika ya pili. Tulikuwa tumekwisha kutoa ushauri au kusema "hata mimi". Alitufundisha pia kukaa na ukimya, kumwona anayelia bila kumkimbilia na kitambaa kana kwamba tunataka anyamaze, na kujua ni lini jambo limezidi uwezo wa duara na linapaswa kwenda kwa mtaalamu. Alitusimulia kuhusu vikundi vya Kubatana Tose nchini Zimbabwe, vilivyotokana na mradi wa afya ya akili wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, ambako wanawake hufuma mikoba huku wakizungumza. Mikono ikiwa na kazi, mtu halazimiki kutazamana uso kwa uso na aliyo nayo moyoni. Tumeliiga jambo hilo mara moja, ila sisi tutafuma soksi na kofia za watoto.

Jumamosi, 12 Julai 2025

Hakuna kikao. Tumetoka mazishini.

Alikuwa na miaka saba. Homa ilianza Jumanne, mama alimpeleka hospitali siku ile ile kama tulivyofundishana, na kila kilichotakiwa kufanywa kilifanywa. Ninaandika hivyo kwa sababu swali la kwanza la kila mzazi aliyepata habari lilikuwa ni wapi palikosewa, na mimi pia nililiuliza.

Wanachama 29 walifika. Mfuko wa jamii, ule wa shilingi 1,000 kwa kila kikao unaowekwa kwenye sanduku la kufuli tatu, ulitoa rambirambi ya shilingi 150,000, na akina mama waligawana zamu za kupika kwa siku nne. Soksi za manjano ambazo mama yake alikuwa akifuma bado ziko kwenye mfuko wa uzi ofisini, moja imekamilika na nyingine imeishia kisiginoni.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Wamefika 27, wakiwamo wanne wa Sengerema ambao zamani walikuwa wakikosa kikao kila foleni ya kivuko ilipokuwa ndefu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni, wamekuwa wa kwanza kufika.

Ajenda ilikuwa usajili. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata inahitaji katiba, muhtasari wa kikao kilichoipitisha, orodha ya wanachama na barua ya serikali ya mtaa. Wanachama kadhaa walitaka pia tugeuke kikundi cha kuweka na kukopa, ili tuombe mikopo ya halmashauri ile ya asilimia kumi inayogawanywa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nilipinga, na naandika sababu zangu ili atakayekuja baada yangu azijadili. Sina ugomvi na vikoba. Mke wangu ni mwanachama wa kimoja na kimetusomeshea mtoto. Lakini anayedaiwa marejesho huona haya kuja kikaoni, na mwezi ambao mtoto amelazwa ndio mwezi ambao mzazi hana marejesho. Angekosekana siku ile ile anayotuhitaji. Kura zilikuwa 17 kwa 10: mfuko wa jamii ubaki, mikopo isiwepo, na anayetaka kikoba akiunde pembeni kwa daftari lake.

Kisha nikaanza kusoma rasimu ya katiba kwa sauti, kifungu kwa kifungu. Kifungu cha nne kinasema, "Mwanachama ni mzazi au mlezi mwenye mtoto anayeishi na selimundu." Nilikisoma, nikaendelea hadi cha tano, kabla ya kuona kwamba hakuna aliyekuwa akinisikiliza. Wote walikuwa wakitazama mlangoni, kwenye kiti ambacho yule mama wa msiba hupenda kukaa. Hakuwapo. Kwa maneno yale tuliyoyatunga wenyewe mwaka jana na kuyaona safi, hakuwa mwanachama tena tangu tarehe 11 Julai.

Tulikaa na kifungu hicho kwa muda wa saa nzima, muda ambao ulikuwa wa usajili wote. Wapo waliohofu kwamba kumwona kila mwezi kutawatia woga wazazi wageni. Babu yule wa futari alisema kwamba woga huo wanao tayari, na afadhali wamwone mtu aliyeupitia akiwa bado anakunywa chai na wenzake kuliko kumwona amepotea. Kifungu sasa kinasomeka: "Mwanachama ni mzazi au mlezi aliye na mtoto, au aliyewahi kuwa na mtoto, anayeishi na selimundu, mpaka mwenyewe atakapoamua kuondoka." Kisarufi kina kasoro, kwa maana kinamsema aliyefariki kana kwamba bado anaishi. Nilitaka kukinyoosha. Wanachama wamekataa kisiguswe.

Mama wa dagaa amepewa kazi ya kumpelekea nakala.

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Kikao cha mwisho cha kipindi cha mradi. Nilichelewa kwa makusudi dakika 40 ili nione kitakachotokea, na mwenyekiti, ambaye tulikubaliana naye, hakuja kabisa. Nilipofika, ukumbi ulikuwa wazi, watu 25 walikuwa kwenye duara mbili, mahudhurio yamekwisha kuandikwa kwa mwandiko nisioujua, na orodha ya simu iliyopangwa kwa mitaa ilikuwa na majina mawili mapya yaliyoongezwa kwa kalamu ya bluu. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi, nilioneshwa kiti.

Yasiyokamilika ni mengi. Barua ya usajili bado haijatoka. Wanaume ni sita. Nauli za waendeshaji tunalipa kwa kuchangishana, na sijui kama itawezekana msimu wa mvua, ambapo biashara ya wengi hulala. Vikombe vya bati bado havijarudishwa na yule baba. Nilipomuuliza, alisema viko kwa kaka yake mkubwa, na kwamba kutoka hapo vinakwenda kwa shangazi.

Ufunguo mmoja kati ya ile mitatu ulikuwa kwa mwanachama aliyehamia Buhongwa, na leo umekabidhiwa kwa mama wa Julai, ambaye amerudi kwa mara ya kwanza. Aliupokea, akaufunga kwenye pindo la khanga, akauliza mfuko wa uzi uko wapi. Alifumua kisigino alipokuwa ameishia, akahesabu vitanzi upya, na akamuuliza mama wa Igoma aliyeketi karibu naye mguu wa mwanawe una urefu gani.